Kwa Nini Nimeivunja Picha ya Mbwa

Biira,

Nakuandikia nikiwa bado na hasira, ujue hilo kabla hujafika mstari wa pili. Mama yako ameniambia nisubiri mpaka nipoe. Nimemjibu kwamba nikipoa sitaandika. Nitakunywa chai, nitakusindikiza stesheni, nitakupungia mkono kama wazazi wengine, na treni itakuchukua bila wewe kujua chochote. Kwa hiyo naandika sasa, saa kumi ya jioni, hapa dukani kwenye meza ya rangi. Wewe uko jikoni unafunga vitu vyako na hutaki kunitazama. Una haki. Juzi nilichukua picha uliyoihangaikia wiki mbili nikaivunja kwenye goti langu mbele ya dereva wa watu.

Mambo ya blanketi, nguo, nani atakupokea Kampala, nani usimsogelee, hayo ameshayasema mama yako, na shangazi yako Masika, aliyekuja leo kutoka Rukoki kukuaga, ameyarudia yote kwa sauti kubwa zaidi. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka kujibu kitu kimoja ulichonirushia ukiwa umesimama mlangoni na vipande viwili vya hadibodi mikononi. Ulisema, "Baba, si ni mbwa tu?" Halafu ukasema nakuonea wivu kwa sababu wewe umeitwa Kampala na Mkubwa, yule wa serikali, umchoree mbwa wake, na mimi nimebaki na vibao vya bucha.

La wivu tuliache, huenda lina ukweli kidogo. Hilo la mbwa tu ndilo lililonipandisha damu mpaka nikashindwa kula.

Yule mbwa wa Mkubwa nilimwona kwa macho yangu alipoletwa hapa garini. Ana kovu linaloanzia chini ya jicho mpaka kwenye mdomo, jeupe, halioti nywele. Siku ya kwanza ulilichora vizuri ajabu. Nilisimama nyuma yako nikajisemea moyoni, huyu mtoto amenipita. Sikukuambia, na hilo ni kosa langu lingine. Halafu dereva akaja, akatazama, akasema, "Mukubwa hapendi hiyo kitu. Toa." Na wewe ukatoa. Hukuuliza hata neno moja. Ulichovya brashi ukalifunika kovu lote, na huku unafunika ulikuwa unaimba.

Sasa sikiliza nilikotoka mimi.

Nilikuwa kijana wa vibao. Reli ilipofika hapa Kasese kila mtu alitaka duka, na kila duka lilitaka kibao. Nilichora mikate, baiskeli, cherehani, vinyozi wenye mikasi, na zaidi ya yote nilichora ng'ombe. Mwenye bucha haombi umchore ng'ombe wake alivyo. Ng'ombe waliochinjwa hapa walikuwa wametembezwa kutoka mbali, mbavu zao ungeweza kuzihesabu, lakini kwenye kibao niliwapa mgongo mnene na ngozi inayong'aa, na hakuna aliyeniita mwongo. Ndiyo kazi ilivyo. Kwenye vibao hakuna ng'ombe mwembamba, hakuna mkate uliochacha, hakuna kinyozi mwenye wembe butu. Mwenye kibao akitaka kitu unatia, asipokitaka unatoa. Mkono wangu ulizoea hivyo tangu nilipoanza kushika brashi, na hakuna aliyeniambia kwamba kuna namna nyingine.

Siku moja mke wa mzungu mmoja wa mgodini alisimamisha gari mbele ya bucha akamtazama ng'ombe wangu. Alinitafuta mpaka akanipata, akanipeleka kwake kwenye zile nyumba za mlimani zenye maua, akanionyesha mbwa aliyelala kwenye kiti. Kwenye kiti, Biira! Kwa babu yako kule Kyondo mbwa walikuwa wa kuwinda. Walivalishwa kengele ya mti shingoni, wakirudi walitupiwa mfupa, wakalala nje. Sikuwahi kumtazama mbwa usoni hata siku moja. Unamtazama usoni ili iweje? Na sasa mzungu ananiambia nimchore huyu mnyama sura yake, kama mtu anayekwenda kupigwa picha.

Nilimchora nilivyojua. Nilimsimamisha ubavu, miguu minne chini, tumbo limejaa, mgongo mnene, na kwa mazoea nikaacha nafasi nyeupe juu kwa ajili ya maandishi. Yule mama, memsabu tulivyomwita, alitazama akashika mdomo.

"Wewe nachora nyama!" akasema. "Mimi hapana taka kula Tobi!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilirudi Kasese kwa miguu nikimtukana yeye na mbwa wake njia nzima. Kesho yake nilirudi tena, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuicheka kazi yangu na sikuweza kulala na kicheko kile.

Picha ya pili nilimpa Tobi macho ya mtu, meupe pande zote mbili, akatoka na sura ya mwalimu mkuu aliyefumaniwa anaiba chaki. Ya tatu nilichora manyoya moja moja, siku tatu nzima, akawa ufagio. Wewe umeyaruka haya yote kwa sababu nilikuonyesha ukiwa mdogo, ndiyo maana unadhani ni rahisi. Memsabu mwenyewe alikuwa anachora kidogo. Mkono wake ulikuwa mbovu kuliko wangu, lakini alijua kutazama. Alinikalisha sakafuni bila brashi, saa nzima, nimtazame mbwa tu. Nilihisi aibu, mtu mzima na ndevu zangu kukaa chini natazamana na mbwa, na mpishi anapita na sahani anacheka. Hapo ndipo nilipoona kwamba mbwa mweusi si mweusi. Mgongoni ana buluu, chini ya sikio ana kahawia, na pua yake ni ile nukta nyeupe unayoitia mwisho kabisa.

Tobi alikuwa mzee. Jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu. Nilipofika pale nikaanza kulisafisha, kumpa jicho jipya, kama ambavyo ningemfanyia ng'ombe wa bucha. Memsabu akanipiga kofi mkononi, brashi ikaanguka.

"Hiyo jicho ni ya Tobi," akasema. "Wacha. Chora ile iko, hapana chora ile mimi napenda."

Nilikasirika. Nilidhani ananidharau. Lakini nilichora jicho lenye ukungu, na ile picha ilipokauka mama yule aliishika kifuani akalia, na mimi nikajua nimefanya kitu ambacho sijawahi kufanya maishani. Kuanzia hapo wazungu wengine wa mgodini wakaniita. Nilichora mbwa kumi na mmoja. Babu yako alikufa katika miaka hiyohiyo, na sikumchora hata mara moja. Nilizunguka kwenye nyumba za watu nikichora mbwa zao, na baba yangu mzazi amekwenda bila sura. Hilo nalo bado linanikera, ila sicho kitu kilichonifanya nivunje picha yako.

Baadaye tulihamia Bwera, mpakani mwa Kongo, wewe ulikuwa hujaanza shule. Kwenye kambi ya jeshi ya pale kulikuwa na Kapteni, si mtu wa huku, na wote tulimwita Kapteni tu. Alikuwa na mbwa mkubwa, mweusi mgongoni, mwekundu miguuni, akamwita Sajini ili askari wake wacheke. Alisikia kwamba kuna fundi anayechora mbwa wa wazungu. Akatuma askari.

"Wewe fundi! Kuja hapa. Chora hii mbwa. Upesi."

Huyu Sajini alikuwa na sikio la kushoto lililopasuka katikati. Nusu ilisimama, nusu ililala. Walisema alipigana na ngiri. Nilikaa naye siku nne kwenye uwanja wa kambi, askari mmoja amemshika mnyororo, na nilimchora kama memsabu alivyonifundisha, kila kitu mahali pake, na lile sikio. Biira, ilikuwa picha nzuri kuliko zote. Wale wa wazungu nilikuwa bado najifunza. Huyu nilimshika.

Kapteni alikuja akatazama. Alitabasamu, halafu akaacha kutabasamu.

"Hii nini? Mbwa ya jeshi haiwezi kuwa na sikio namna hii. Tengeneza."

Sitakudanganya kwamba nilisahau. Maneno ya memsabu niliyasikia wazi kabisa. Niliyasikia, na nikachovya brashi. Kushona sikio lile kwa rangi kulinichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Hakunitishia. Hakupandisha sauti. Alisema tengeneza, na mkono wangu wa vibao ukatengeneza wenyewe. Akanipiga begani akasema, "Fundi muzuri sana," na mimi nikarudi nyumbani nikipiga mluzi. Ndiyo maana juzi uliposhika brashi ukaanza kuimba nilihisi mtu amenimwagia maji ya moto.

Haukupita mwezi. Shangazi yako Masika alikuwa anafanya biashara ya chumvi. Wewe humjui hivyo, unamjua na fimbo yake, lakini dada yangu alikuwa mwanamke wa kutembea. Alinunua chumvi Katwe, akaileta Bwera, akawauzia watu waliovuka kutoka Kongo. Sauti yake ilikuwa inasikika soko zima, na watu walimpenda kwa sababu hakupunja. Asubuhi moja alikuwa anapita nyuma ya kambi na kikapu kichwani. Mbwa akatoka uani, hana mnyororo. Alimwangusha, akamshika nyama ya mguu akaitingisha mpaka ikaachia. Chumvi yote ilimwagika barabarani na nyingine ikaingia kwenye kidonda. Wanawake waliokuwa nyuma yake waliniambia hawajawahi kumsikia mtu akilia vile.

Alipotoka hospitali ya misheni akaenda mwenyewe gombolola, ofisini kwa chifu, kushtaki. Kila mtu alimwambia aache. Akasema yeye hawashitaki askari wote, anamshitaki mbwa mmoja anayemjua, na mwenye mbwa amlipe mguu wake. Alikuwa na alama: mbwa mkubwa, mweusi mgongoni, sikio la kushoto limepasuka. "Ilikuwa hapa," alisema, akionyesha mbele ya pua yake. "Sikio yake nimeiona kuliko ninavyokuona weye."

Siku ya baraza nilikwenda. Nilikaa nyuma yake. Alikuwa amefungwa bandeji mpaka gotini na ameweka mguu juu ya kikapu kilekile. Kapteni akaja na askari wawili, na picha yangu imefunikwa kitambaa cha meza. Mbwa mwenyewe hakuja. Alisema amepelekwa kambi nyingine, lakini mbwa wake ni huyu, kila mtu amtazame. Akavuta kitambaa.

Watu waliguna. Mzee mmoja wa mbele alirudisha kiti nyuma. Mtu akasema, "Iko muzima! Itauma mutu!" na wengine wakacheka kwa hofu. Mimi, nikiwa nyuma ya dada yangu aliyeraruliwa, nilifurahi, Biira. Ilikuwa mara ya kwanza watu wangu kuiona kazi yangu isiyo ya kibao. Kwa miaka wale waliokuwa wanaiona walikuwa wazungu na wapishi wao. Nilisikia wakiguna nikainua kichwa. Kati ya mambo yote ya siku ile, hili ndilo ninalolichukia zaidi.

Masika alitazama picha akatikisa kichwa. "Hapana. Hii si yenyewe. Ile imbwa iko na sikio ya kupasuka, hii ya kushoto."

Kapteni alimgeuzia mgongo. Alinitafuta kwa macho. "Fundi iko hapa. Fundi! Simama. Hii mbwa wewe ulichora?"

"Ndiyo, afande."

"Uliiona kwa macho yako?"

"Ndiyo, afande."

"Iko na masikio mbili muzima?"

Niliitazama picha, sikuwatazama watu. Pale kwenye picha masikio mawili mazima yalikuwepo. Nikasema, "Ndiyo, afande."

Chifu alishusha pumzi. Alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, na mimi nilimfungulia. Akasema hata ndugu yake wa tumbo moja amemkana. Akasema mwanamke huyu amelichafulia jeshi jina, aombe radhi. Masika akageuka kunitazama, mara moja tu, bila chuki. Alikuwa anashangaa. Halafu akapiga goti moja, ule mguu mwingine ameunyoosha pembeni kwa sababu haukukunjika, akaomba radhi kwa Kapteni kwa kusema uongo.

Usiniambie niliogopa. Ndiyo, niliogopa, walikuwa na bunduki na mimi nilikuwa na mke na wewe mdogo. Ningeweza kusema sikumbuki. Ningeweza kusema mimi ni mtu wa vibao, huwa nanyoosha vitu. Hata kunyamaza ningeweza. Na siku ile uwanjani nilipofunika sikio hapakuwa na bunduki yoyote karibu yangu, palikuwa na mtu amesema tengeneza. Nimejitetea kwa woga miaka kumi na mitatu na nimechoka na utetezi huo, unanichefua.

Hujui Bwera ilimfanya nini baadaye. Sokoni akipita, vijana walijikunja sikio kwa kidole. Walimwita Masika Sikio. Wale wateja wa Kongo wakaanza kumuuliza kwa mzaha kama chumvi yake nayo ni ya kweli au anaiona yeye peke yake. Mguu haukuweza tena safari ya Katwe, lakini hata ungeweza asingerudi pale. Akahamia Rukoki kulima, na sisi tukarudi Kasese. Kila mtu alidhani tulihama kwa sababu ya kazi yangu.

Aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tunamenya mihogo nyumbani kwake. Akasema, "Baluku, kweli hukuonaka?" Nikamwambia sikuona. Nikamwambia labda walikuwa na mbwa wawili wanaofanana, labda woga ulimchanganya. Nilisema kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Alimalizia kumenya muhogo uliokuwa mkononi. Halafu akasema, "Labda ni woga." Na akanisamehe. Alidhani sina cha kusamehewa ila kusema ukweli, akanisamehe hilo. Tangu siku ile anakuja hapa na mihogo na mahindi yake, anakula mezani kwangu, ananiombea kanisani.

Unajua ile tabia yake. Akiona mvua inashuka mlimani anamgeukia mtu aliye karibu anauliza, "Na weye unaiona?" Akipewa noti sokoni anampa mtoto amtazamie. Akikutana na mtu njiani anasubiri mwingine amwamkie kwanza. Ulipokuwa mdogo ulimwigiza, wewe na rafiki zako, "Na weye unaiona? Na weye unaiona?" mkacheka mpaka mkaanguka. Nikakuzaba kofi, ukalia siku nzima kwa sababu hukujua umekosa nini. Hukukosa. Hakuzaliwa hivyo, Biira. Mwanamke yule alikuwa anaona kuliko sisi sote. Mimi ndiye niliyemnyang'anya macho yake, na nilimwacha bila hayo miaka kumi na mitatu kwa sababu nilipenda anavyonipenda.

Sasa rudi kwenye kovu lako.

Kuna mtu mahali fulani aliyempiga yule mbwa wa Mkubwa usoni. Sijui ni nani, na wewe hujui. Lile si kovu la mti wala la waya, nimeona makovu, lile ni la panga. Labda mtu huyo alikuwa mlevi mkorofi. Labda alikuwa amelala chini mbwa amemshika mguu, na panga ndilo kitu pekee alichopata. Tuseme siku moja anasimama mbele ya watu, akiruhusiwa kusimama, anasema mbwa aliyeniuma nilimkata usoni. Na ukutani kwa Mkubwa kuna picha yako. Hilo ndilo nililoliona ulipochovya brashi. Nilipaswa kukuambia hivi. Badala yake nilivunja picha na kupiga kelele kama mwehu.

Sikukatazi kwenda. Nilitaka kukukataza, mama yako anajua, nilikuwa nimeshaamua kuificha tiketi. Lakini una mkono mzuri kuliko wangu na hapa Kasese utachora mikate mpaka uzeeke. Nenda, mbwa yule utamchora upya hukohuko. Wala sikuambii ubishane na watu wa sasa, hawa ni wakali kuliko Kapteni, na Kapteni alitosha. Ukiogopa, ogopa. Sema mkono unauma, sema rangi imekwisha, sema baba yako anakufa, panda treni urudi, hakuna atakayekuuliza hapa. Na kama utalazimika kufunika kitu, ukifunike ukijua unafunika nini. Usiimbe tu. Siwezi kuuvumilia ule wimbo.

Hapa naweka kalamu kidogo. Shangazi yako amekaa uani peke yake, na yeye hasomi. Haiwezekani wewe uyajue haya kwenye behewa na yeye asiyajue. Naenda kumsomea.

Nimerudi. Sijui ni muda gani umepita, mama yako amewasha taa.

Nilimsomea yote tangu mwanzo, hata ya Tobi. Alisikiliza mguu umenyooka, fimbo mapajani. Nilipofika pale uwanjani, pa kuchovya brashi, alisema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena." Nikarudia. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo sana.

"Ya kushoto?"

"Ya kushoto."

"Ulionaka?"

"Nilionaka, dada."

Nilidhani atalia. Alinipiga fimbo begani, na mtu wa umri wangu nikakaa nikangoja ya pili, lakini haikuja. Aliinuka mwenyewe, akakataa mkono wangu, akatoka mpaka barabarani. Zile kelele ulizozisikia ukiwa jikoni, ukamuuliza mama yako kama shangazi amekunywa, ni zake. Wanaume wanaotoka mgodini walikuwa wanapita na baiskeli zao, na yeye amesimama katikati ya njia anawaambia watu ambao hata Bwera hawaijui: "Nilionaka! Sikio ilipasuka! Miye si mwongo! Nilionaka!" Wengine walicheka. Aliwafuata waliocheka akawaambia tena.

Amesema chakula changu hatakila. Atalala kwa jirani, na asubuhi atakupeleka stesheni yeye, mimi nisikanyage pale. Nimekubali. Kwa hiyo ukinitafuta kwenye umati na usinione, usidhani bado nina hasira na wewe. Hasira ninayo, lakini si na wewe.

Bado yuko nje, anaendelea. Sasa hivi mwenye bucha wa hapa mkabala ameingia dukani, anayenijua miaka yote hii, amefunga mlango nyuma yake akaniuliza polepole, "Fundi, yule mama anasema kweli, ama tumuite mutu amupeleke ndani?"

Nimemwambia, "Anasema kweli. Sikio lilipasuka. Mimi mwenyewe niliona." Halafu nimemwambia aufungue mlango.

Baba yako,
Baluku